Namba Tisa Hataki Sukari

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na wenye mikia nao wategee, kwamba likizo ile maabara ya utafiti wa ubongo ilipata mtaalamu mpya wa huzuni: mwenye koti jeupe, mwenye glavu za mpira, mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu anayejua siri nyingi kuliko anavyoruhusiwa kusema. Cheo chake kamili kilikuwa muosha chupa. Koti lilikuwa la kuazima, likimfika karibu na vifundo vya miguu, na kati ya zile kalamu mbili moja ilikuwa imekauka wino tangu mtihani wa hesabu.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Shuleni kwao, shule ya bweni yenye kengele kwa kila kitu isipokuwa kupumua, walimwita Kiherehere. Jina alilipata kidato cha kwanza, siku alipoiviringishia kengele soksi za mwalimu wa zamu, shule nzima ikachelewa kuamka na mwalimu mwenyewe akachelewa kuliko wote. Jina likamfuata hadi nyumbani. Baba yake peke yake ndiye hakulitumia. Yeye alimwita "mama," kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Mama, leta kiti. Mama, umekula? Lakini tangu mama mwenyewe, mke wake, azikwe, miezi minane iliyopita, neno hilo lilikuwa limemkwama baba kooni. Sasa alisema "wewe" tu, tena kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni ambaye hakulishika jina lake.

Baba alikuwa mtunza panya. Watu wengi duniani hulipwa kuwaua panya. Yeye kwa miaka kumi na tisa alilipwa kuwalisha, kuwabadilishia maranda, kuwapima uzito na kujua ni nani kati yao ameamka vibaya. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, bila dirisha, chenye rafu za chuma, vizimba vya plastiki na harufu ambayo Kiherehere aliieleza kuwa ni "soksi za bweni la tatu zilizosahauliwa kwenye gunia la seremala." Baba alimchukua kazini kwa sababu nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kumwangalia, na kwa sababu likizo iliyopita, alipoachwa peke yake, alibandika kwenye mlango wa jirani tangazo kwamba nyumba inapangishwa, na jirani akashinda kutwa nzima akiwafukuza wapangaji.

Mkuu wa maabara alikuwa daktari wa utafiti, mwanamke mwembamba mwenye miwani, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bi Mizani, maana alipima kila kitu, hadi kimya. Siku ya kwanza alimkalisha Kiherehere kwenye stuli.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unajua tunachofanya hapa?"

"Mnachunguza panya wenye huzuni."

"Hapana." Bi Mizani aliinua kidole. "Panya hajawahi kuniambia ana huzuni. Tunachunguza tabia inayofanana na huzuni. Inayofanana. Ukilisahau neno hilo, hujafanya sayansi, umetunga hadithi."

"Nimeelewa, Daktari. Hata sisi shuleni tunakula chakula kinachofanana na maharage."

Bi Mizani alimtazama kwa muda uliopimika. Kisha pembe moja ya mdomo wake ikasogea kidogo: tabia inayofanana na kicheko.

Panya wa utafiti ule walikuwa kumi na wawili, kila mmoja kizimbani kwake, na kwa wiki sita baba alikuwa akiwafuata kwa karatasi iliyoitwa ratiba ya mikosi. Leo kizimba kiinamishwe upande mmoja kutwa. Kesho maranda yamwagiwe maji. Keshokutwa taa iwake wakati wa kulala, au panya mgeni aletwe, akae saa tatu, aondolewe bila maelezo. Hapakuwa na mkosi hata mmoja wa kuumiza. Ila hakuna panya aliyejua kesho italeta upi, na hiyo ndiyo iliyowamaliza. Kiherehere aliikuta wiki ya sita, ya mwisho. Aliisoma ratiba yote kwa mikono nyuma, kama mkaguzi wa wizara.

"Baba, hii ni ratiba ya shule yetu. Wameinakili wapi?"

Zamani baba angecheka hadi akafuta machozi. Safari hii alisema "Eeh," akaendelea kumwaga maji kwenye maranda ya namba nne, taratibu, kama anayemwomba radhi.

Namna ya kumjua panya aliyevunjika ilikuwa rahisi hata muosha chupa aliielewa. Kila kizimba kilitiwa chupa mbili, moja ya maji matupu, moja ya maji ya sukari. Usiku panya wanakunywa. Saa mbili asubuhi chupa zinapimwa, na uzito uliopungua ndio alichokunywa panya. Panya mzima huifuata sukari. Aliyevunjika hunywa popote pua yake ilipo, haoni tofauti. Na kila siku chupa zilibadilishwa pande, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, ili asije akasifiwa kwa kupenda sukari kumbe alipenda ukuta tu.

Kuhusu sababu, Bi Mizani aliichora kwa penseli kwenye karatasi ya kuchujia. Ndani kabisa ya ubongo, alisema, kuna kifundo cha seli kidogo kuliko punje ya mtama. Kazi yake ni kupiga kelele pale mnyama anapotarajia kitu asikipate. Kifundo kikipiga kelele, seli nyingine, zile zinazomwambia "hiki kitamu, rudi tena," hunyamaza. Ni kazi njema, bila hiyo mnyama angerudia mtego uleule kila siku. Lakini mikosi ikizidi, kifundo husahau kunyamaza. Kinapiga kelele hata mbele ya sukari.

"Sasa mnakinyamazisha vipi?"

"Kwa mwanga. Uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaingia hadi pale. Panya sita watawashiwa mwanga dakika ishirini kila mchana. Sita watafungwa waya uleule, ila hautapitisha kitu."

"Wanadanganywa."

"Wanalinganishwa," alisema Bi Mizani. Mashine ilipangwa na mwenzake wa ghorofa ya pili. Nani kapata mwanga na nani kapata waya mtupu, ilijulikana ndani ya bahasha moja tu, iliyobandikwa kwa gundi na kufungiwa droo. Si Bi Mizani wala baba aliyejua, ili mkono wa mtu usije ukampendelea panya fulani kwenye mizani.

Kiherehere alikwenda nyumbani na elimu hiyo ikimwasha mwilini.

Baba, enzi za mama, alikuwa mtu wa vijiko vinne. Mama akimtilia vitatu, baba aliinusa chai na kuuliza kama duka la sukari limefungwa. Kiherehere akatengeneza vikombe viwili vinavyofanana, kimoja kina vijiko vinne, kimoja hakina kitu, akaviweka mbele ya baba mezani, akakaa kando na kalamu inayoandika. Siku ya kwanza baba alikunywa cha kulia. Cha kulia kilikuwa kitupu. Siku ya pili Kiherehere alibadilisha pande, maana sayansi ni sayansi. Baba alikunywa cha kulia tena, safari hii chenye sukari, kwa uso uleule. Siku ya tatu Kiherehere akavisogeza vyote kushoto. Baba akachukua kilichokuwa karibu na mkono. Jedwali lilijaa vizuri. Mwalimu wa baiolojia angempa alama zote.

Siku ya nne alitia chumvi. Alijiambia ni kipimo cha ziada. Ukweli ni kwamba alimtaka baba aruke kitini, ateme, apige meza, amfukuze kuzunguka nyumba kwa kandambili kama zamani, majirani wachungulie. Alitia vijiko vinne vya chumvi katika vikombe vyote viwili, akajibana kicheko, akasubiri.

Baba aliinua kikombe. Alikunywa kidogo. Akatulia. Kisha akanywa kilichobaki, chote, hadi tone la mwisho, akakiweka chini kwa uangalifu.

"Asante," alisema.

Kiherehere alikwenda jikoni akafungua bomba, likachuruzika kwa muda mrefu juu ya sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Si kwamba watu wengine hawakuona. Bi Mizani aliona mapema zaidi; alikuwa amemwandikia baba barua ya kwenda kliniki ya hospitali, kwa daktari wa mambo hayo. Shangazi, dada yake baba, aliisoma ile barua kwa jicho moja akasema, "Kaka, wewe si mgonjwa. Umefiwa. Jikaze." Baba hakubishana na yeyote. Aliiweka barua chini ya redio, na redio yenyewe ilikuwa haijawashwa tangu mazishi.

Siku mwanga ulipoanza, vizimba vilianza kubadilika kimoja kimoja. Namba tatu alianza kujilamba manyoya. Namba saba alipanda juu ya chupa yake kama mlevi wa baa. Tisa, mwenye sikio lililokatwa ncha, alibaki kwenye kona, mgongo ukutani, manyoya yamesimama hovyo, akinywa huku na huku bila kujali. Jioni moja, mezani, baba alisema:

"Tisa hakuijali sukari leo tena."

Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoianzisha mwenyewe tangu Jumapili. Kiherehere aliweka kijiko chini polepole, kama mtu aliyeona ndege dirishani na hataki aruke.

"Ataijali tu, baba."

"Hawezi. Namjua yule. Amechoka kwa ndani."

"Na akiijali?"

Baba alifikiri. Kuku wa jirani walisikika wakigombana, wakanyamaza, na bado alikuwa akifikiri.

"Tisa akiifuata sukari," alisema, "nami nitaipeleka ile barua."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa urahisi wa ajabu. Kila asubuhi kazi ya Kiherehere ilikuwa kuzitoa chupa vizimbani na kuzipanga kwenye trei kwa namba, huku baba akivaa koti na kulifungua daftari. Kati ya rafu na mizani palikuwa na sinki. Kesho yake, akipita na trei, alikifungua kizibo cha chupa ya sukari ya Tisa, akamwaga kidogo, akakifunga. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Alishawahi kufanya makubwa kuliko hayo mbele ya mkuu wa shule aliyemkodolea macho.

Siku ya kwanza baba aliisoma mizani, akaandika. Siku ya pili alisoma mara mbili. Siku ya tatu alifuta miwani yake kwa pindo la koti. Siku ya nne aliiweka kalamu chini, akaita kwa sauti iliyogonga chuma cha rafu zote:

"Mama! Mama, njoo uone! Tisa amekunywa!"

Alilisema bila kujua kwamba amelisema. Kiherehere alijua. Alisimama pale na glavu zilizolowa, na katika maisha yake marefu ya ushindi wa hila hakuna ushindi uliowahi kumbana kifua namna ile. Alikwenda akatazama. Tisa alikuwa kwenye kona, mgongo ukutani.

"Umeona?" alisema baba. "Mkao ni uleule, lakini ndani kumeshaanza kuamka. Ndani ndiko kunakoanza."

"Nimeona, baba."

Ijumaa ile baba aliitoa barua chini ya redio, akaifuta vumbi, akaenda. Alirudi na karatasi ya vidonge na maagizo ya kurudi kila Ijumaa.

"Daktari mwenyewe kijana mdogo," alisema akivua viatu. "Namtolea machozi mtoto ambaye ningeweza kumtuma dukani."

"Akasemaje?"

"Akanisogezea karatasi za kufutia. Anazo boksi zima. Inaonekana si mimi peke yangu."

Tusitie chumvi, baba hakupona kwa wiki moja. Zilikuwapo siku alizolala na nguo za kazini, na siku alizosimama katikati ya jikoni amesahau alichofuata. Lakini alinyoa ndevu. Aliiwasha redio, akaizima, akaiwasha tena. Asubuhi moja aliionja chai akakunja uso.

"Hii umetia sukari, au umeitajia tu jina la sukari?"

Kiherehere alimwongezea vijiko viwili. Na kila asubuhi, akipita na trei, aliendelea kumwaga. Hakuwa na namna ya kuacha. Tisa akirudi nyuma, baba naye angefanya nini? Basi Tisa akazidi kupona. Kwenye daftari alikuwa sasa mlevi wa sukari kuliko panya wote wa ghorofa ya chini. Baba alimsimamia kizimbani kila siku, akiinama, akimnong'oneza maneno ambayo Kiherehere, akiwa kwenye sinki, hakuyasikia kwa sababu ya maji.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya likizo, Bi Mizani aliileta bahasha. Wote watatu walisimama kwenye meza ya mizani. Aliikata kwa mkasi, kwa mstari ulionyooka.

"Mwanga," alisoma. "Mbili, tatu, saba, nane, kumi na moja, kumi na mbili." Akapitisha kidole kwenye daftari. Watano kati ya hao walikuwa wameirudia sukari. Uso wake ulianza kung'aa. "Waya mtupu. Moja, nne, tano, sita..." Akanyamaza.

"Na nani?" baba aliuliza.

"Kumi. Na tisa." Bi Mizani alivua miwani. "Mzee wangu, Tisa hakuwashiwa mwanga hata siku moja."

Baba alikaa kwenye stuli.

"Hata siku moja?"

"Hata dakika."

"Basi amepona mwenyewe." Baba aliyasema maneno hayo kama mtu anayekanyaga barafu, hatua kwa hatua, akisikiliza kama itapasuka. "Hakuna tulichomfanyia, Daktari. Mimi nilikuwa namsemesha tu. Asubuhi, nikimbadilishia maji. Habari za nyumbani."

"Habari gani?"

"Za mama wa huyu," baba alisema, akamwonyesha Kiherehere kwa kidevu. "Alivyougua. Zile siku za mwisho. Sikuwa na mtu wa... Nikaona Tisa hana haraka."

Kiherehere aliitazama mifereji midogo ya maji ikikauka kwenye trei na kuomba, kwa mara ya kwanza maishani, kengele ilie.

"Hili lazima liandikwe," Bi Mizani alisema hatimaye, kwa sauti isiyo ya mizani. "Panya mmoja si ushahidi, najua. Lakini lazima liandikwe."

"Andika, Daktari. Mimi ngoja nikambadilishie maranda. Leo nampa mazito." Baba aliondoka karibu akikimbia. Walimsikia rafuni akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika.

Alirudi akitembea polepole, amebeba mifuko mitatu ya maranda machafu, akaipanga mezani. Alitia mmoja mmoja kwenye mizani, bila haraka, kwa mikono ile ya miaka kumi na tisa.

"Kila kizimba niliweka gramu mia moja na sitini, siku nne zilizopita," alisema. "Haya ya namba tatu: mia mbili na tano. Haya ya saba: mia mbili na kumi. Hawa wanakunywa sana, na anayekunywa hukojoa. Haya ya Tisa, anayewazidi wote." Aliusogeza mfuko ili waione namba. "Mia moja na sabini."

"Chupa yake inavuja," Bi Mizani alisema mara moja.

"Ingevuja, ingelowesha maranda. Makavu haya. Shika."

"Labda Tisa ana adabu," Kiherehere alisema. "Anabana hadi wakati wa mapumziko."

Baba alicheka. Kicheko chenyewe, cha zamani, kilichoanzia tumboni; kilifika nusu ya njia, macho yake yakiwa juu ya binti yake, na hapo kikasimama.

"Maji yametoka kwenye chupa," Bi Mizani alisema taratibu, "na hayakuingia kizimbani. Yamekwenda wapi?"

Baba aliitazama rafu. Aliitazama trei, kisha sinki iliyo katikati, kisha glavu za Kiherehere. Ilikuwa ni namna yake ya kuisoma mizani, akisubiri mshale utulie kabla ya kuamini. Mshale ukatulia. Ndipo akageuza uso, akamkabili Bi Mizani.

"Ni mimi, Daktari. Nitakuwa nimesoma vibaya. Kichwa changu siku hizi unakijua. Andika kosa la mtunza panya."

"Siku kumi mfululizo? Mzee wangu, wewe?"

"Andika tu." Mabega yalikuwa yamemshuka, yote mawili, pale pale yalipokuwa miezi minane. "Kama ni kunitoa kwenye mizani, nitoe. Nitabaki na kufagia."

Bi Mizani aliishika kalamu, hakuandika.

Kiherehere alikuwa amesimama mbele ya meza nyingi za wakubwa, na alikuwa na kanuni. Usikiri kabla hujaonyeshwa ushahidi. Ukionyeshwa, uliza nani mwingine alikuwapo. Ikishindikana, lia, ila jicho moja. Visingizio vyote vilikuwa tayari, vimepangwa kwa namba, na baba alikuwa ameshamfungulia mlango. Ilibaki kupita tu. Alifungua mdomo, na hakikutoka hata kimoja.

"Si yeye," alisema. "Baba hajasoma vibaya. Nilikuwa namwaga mimi. Nikipita na trei, pale kwenye sinki."

"Nyamaza," baba alisema kwa sauti ya chini.

"Hajawahi kuifuata sukari, baba. Hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa..." Alivua glavu moja, ikamgomea, akaiacha ikining'inia. "Ulisema akiifuata sukari utaipeleka barua. Nikaona ni kitu kidogo. Siku ya kwanza nilimwaga gramu mbili hivi. Ya pili nne. Ya tatu sikupima, nilisikia unakuja. Halafu ukaita, ukafurahi, ukaenda hospitali, na mimi sikujua namna ya kuacha, kwa sababu nikiacha anaumwa tena, na wewe..." Sauti ilimpotea, akaifuata. "Daktari, futa za Tisa zote. Za wengine sikuzigusa, naapa. Na Ijumaa, baba, nakuomba uende vilevile. Nifukuze, nirudishe shule leo, lakini Ijumaa uende."

Bi Mizani alipiga mstari kwenye daftari, mmoja mrefu, kuanzia juu hadi chini. Baba hakuutazama. Alikuwa anautazama ule mfuko wa maranda makavu, mkono wake juu yake.

"Nilipokuwa namsemesha," alisema, "alikuwa anasikiliza, au na hilo ni wewe?"

Kiherehere alitaka sana kuwa na jibu.

"Sijui, baba," alisema. "Mimi nilidanganya chupa tu."